Kipengele cha Saba

Asubuhi ile ilianza kama nyingine yoyote. Chai jikoni, mtoto anatafuta soksi moja, bibi yake anamwambia akatazame alikoivulia. Mama wa mtoto alikuwa mezani akijaribu kinasa sauti chake. Alikuwa na mazoea ya kukijaribu kwa kukisimulia jambo lolote lililo mbele ya macho yake.

"Moja, mbili. Mwanangu ana miaka sita na jino lake la mbele linacheza. Soksi imepatikana ndani ya kiatu."

Akasikiliza, akaridhika, akakitia kwenye kifuko chake cha kitambaa na kutoka. Maneno hayo ya majaribio huwa anayakata anapochapa. Mteja hana haja nayo.

Watu wa kazi yake walimwita Fundi. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika vitabu vya watu wengine. Mtu ana maisha ya kusimulia lakini hana mkono wa kuandika, au mkono anao ila subira hana. Anamwita Fundi, anaongea wiki kadhaa, Fundi anaandika "mimi" kurasa mia mbili, na kitabu kinatoka na jina la mwenye maisha. Jina la Fundi halionekani popote, hata kwa herufi ndogo kama sisimizi. Wenzake waliokuwa wakingoja kuitwa na magazeti walimcheka, naye aliwaacha wacheke, maana kazi haikumkaukia na alichapa nyumbani kwake huku akimsikia mwanawe akicheza uani. Alikuwa ameandikia mchungaji, kocha wa mpira, na daktari mmoja mstaafu aliyejisoma akalia, akasema hakujua kwamba alikuwa mtu mzuri kiasi hicho.

Siri ya ufundi wake ilikuwa viraka. Maisha ya kila mtu yana matundu. Mteja atasema baba alinipeleka shule, kisha kimya. Hakumbuki kama mvua ilinyesha au jua liliwaka. Hapo Fundi hukata kipande cha maisha yake mwenyewe, kidogo tu, akakishona pale. Wateja wakisoma hutikisa kichwa na kusema ndivyo ilivyokuwa. Alijiambia kwamba kumbukumbu haipungui kwa kugawa.

Mteja mpya kila mtu alimwita Mkurugenzi. Alikuwa mwanamke wa umri wa Fundi, amevaa vizuri, uso laini usio na alama hata moja. Aliyefungua mlango wa nyumba yake ni mwanamke mwembamba mwenye aproni. Alipomkabidhi Fundi kikombe cha chai, Fundi aliona sugu kwenye kidole chake cha kati, pale kalamu inapolala. Akashangaa kidogo, kwa sababu na yeye anayo ya namna hiyo, ya kuandika rasimu kwa kalamu kabla ya kuchapa.

Sebule ilikuwa pana, mapazia wazi, jua la saa nne limeingia mpaka miguuni. Ukutani kulikuwa na misumari kumi na miwili iliyopigwa kwa mstari. Picha haikuwepo hata moja.

Fundi alisoma mkataba huku akinywa chai. Kipengele cha saba kilisema kila kitakachoandikwa au kurekodiwa kwa ajili ya kitabu ni mali ya mteja, na mwandishi hatadai popote, kwa yeyote, kwamba ni chake. Mikataba yote ya kazi hiyo ina kipengele kama hicho. Sharti geni lilikuwa moja tu: kila siku aache kadi ya kinasa sauti, ile inayotunza sauti, atarudishiwa kesho yake; nyumbani atatumia ya akiba. Akaona ni wasiwasi wa watu wenye vyeo. Akatia sahihi.

Mkurugenzi aliongea saa mbili bila kusema kitu. Alikuwa na baba. Baba wa namna gani? Wa kawaida. Alisoma shule. Shule ya wapi, alikwendaje, na nani? Akatabasamu kama mtu aliyeulizwa habari za jirani asiyemjua.

"Wewe jaza," alisema. "Nimesikia unajua kujaza."

Fundi akajaza. Alimpa baiskeli ya marehemu baba yake, ile ya asubuhi ya kwanza ya shule, mvua inanyesha, yeye nyuma amevishwa mfuko wa plastiki kichwani, na baba alivyomfuta miguu kwa leso yake mbele ya geti ili asiingie darasani na matope. Mkurugenzi alisoma ukurasa ule polepole. Akauwekea kiganja juu, akakiacha hapo muda mrefu.

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema.

Jioni Fundi alimtania mama yake kuhusu baiskeli ile, jinsi ilivyopiga kelele hata mtaa mzima ukajua mzee anarudi. Mama alikuwa anakunja nguo. Akamtazama.

"Baiskeli gani? Baba yako hakuwahi kuwa na baiskeli, mwanangu."

Fundi akacheka, akasema uzee huo. Lakini akaenda kutazama picha ya baba ukutani, ile aliyopigwa ameshika usukani. Baba alikuwepo. Amesimama peke yake, mikono mbele, ameshika hewa.

Alitaka kumweleza mama yake kwamba baiskeli ilikuwepo, ilikuwa ya baba, yeye aliipanda. Akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Aliposema maneno mengine, yalitoka vizuri tu.

Kesho yake, kwenye msumari wa kwanza wa Mkurugenzi, kulikuwa na picha. Mvua, baiskeli, mtoto mwenye mfuko wa plastiki kichwani. Uso wa mtoto ulikuwa wa Mkurugenzi.

Mtu mwingine angekimbia siku hiyo. Fundi naye aliwaza kukimbia, lakini baba yake angebaki humo ndani, kwenye msumari wa watu. Aliomba sura ile ya baiskeli iondolewe kitabuni. Mkurugenzi hakukasirika. Alifungua mkataba, akaweka kidole kwenye kipengele cha saba, akangoja Fundi asome mwenyewe. Kisha akasema labda sura nyingine zikienda vizuri watazungumza.

Basi akaendelea, akijidanganya kwamba anatafuta njia. Alitoa kidogo kidogo. Alitoa kovu la goti alilopata kwenye waya wa uzio wa shule. Siku iliyofuata alipooga, goti lake lilikuwa laini, na Mkurugenzi alikuwa amevaa sketi fupi. Alitoa harusi ya dada yake, na dada akaacha kupiga simu. Misumari ilijaa. Tisa. Kumi. Kumi na moja.

Msumari wa mwisho ulikuwa wa sura ya mtoto.

"Kitabu cha mwanamke kama mimi hakiwezi kukosa mtoto," alisema Mkurugenzi.

Hapo Fundi aligoma kimoyomoyo. Akatunga. Alitunga mtoto wa kiume, mnene, mpenda ngoma, wa kichwani kabisa. Aliitunga sura ile vizuri kuliko zote. Mkurugenzi alisoma mistari mitatu akairudisha.

"Hii haina joto. Leta ya kweli."

Asubuhi iliyofuata jino la mtoto liling'oka. Fundi alilifunga uzi, akamwambia mtoto ahesabu mpaka tano, akalivuta kwenye tatu. Mtoto alitaka kulia, akacheka badala yake, damu kidogo mdomoni. Walikuwa wawili tu, mlango wa chumba umefungwa, bibi yuko sokoni. Fundi alilifunga jino kwenye karatasi laini, akalitia ndani ya kifuko cha kinasa sauti. Siku hiyo hakukijaribu, hata kadi hakuitia. Hakusema moja, hakusema mbili. Alimkumbatia mwanawe mpaka mtoto akalalamika, kisha akaenda kuvunja mkataba.

Mlango ulifunguliwa na yule mwanamke mwenye aproni. Kwa mara ya kwanza akamshika Fundi mkono.

"Dada," alinong'ona. "Zile kadi ulizokuwa unaacha. Mwanzoni zina nini?"

Fundi alisimama hapo hapo. 

Kutoka sebuleni sauti yake mwenyewe ilikuwa ikiongea. Moja, mbili. Mwanangu ana miaka sita na jino lake la mbele linacheza. Kisha siku nyingine. Moja, mbili. Mwanangu ameamka na homa, anataka nimwimbie. Na nyingine, ya asubuhi aliyosimulia mwanzo mpaka mwisho jinsi alivyomzaa, saa ngapi, mvua gani, alilia vipi, kwa sababu asubuhi ile alikuwa na furaha na kinasa sauti kilikuwa karibu. Asubuhi ishirini na tatu. Zote amezileta kwa mkono wake.

Mkurugenzi alikuwa amekaa kitini, jua miguuni. Magotini alikuwa na sura ya mtoto, imeshaandikwa, kwa mkono, mwandiko mwembamba wa mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mingi. Fundi aligeuka kumtazama mwanamke wa aproni. Mwanamke aliangalia chini, akakificha kidole chake.

"Na wewe ulikuwa na nani?" Fundi alimuuliza.

"Sikumbuki," alisema. Machozi yalimtoka.

Mkurugenzi aliweka kiganja juu ya karatasi.

"Usiseme," Fundi alisema. "Nakuomba."

"Ndivyo ilivyokuwa."

Fundi alikimbia. Mchana kweupe, viatu mkononi, watu wakimpisha njia. Kona ya duka la viatu. Geti la bluu. Mlango. Ufunguo haukuingia. Akagonga.

Alifungua mtoto. Pengo mbele, soksi moja. Alimtazama Fundi usoni, kisha akamtazama nyuma yake, kama anayetafuta aliyemleta.

"Bibi, kuna mgeni."

Mama yake alikuja akijifuta mikono. "Karibu, mama. Unamtafuta nani?"

Fundi alitaka kusema. Mimi. Huyu wangu. Nimemzaa mimi. Mdomo ulifunguka na kubaki wazi. Kifuko kilimponyoka. Mama alimletea maji, akamwambia apumzike, mwenye nyumba atarudi saa kumi, labda yeye anamfahamu. Alikuwa mpole, kama alivyo kwa wageni wote. Fundi alikunywa maji yale mpaka mwisho. Gari liliposimama nje na mtoto akapiga kelele ya "Mama!" akitoka mbio, yeye alitoka kwa mlango wa nyuma.

Wanaopita nyumba ile yenye misumari kumi na miwili husema siku hizi wanaofungua mlango ni wawili, wote na aproni, wote na sugu kidoleni.

Kifuko kilibaki sakafuni. Mtoto alikiokota, akamwonyesha bibi. Ndani kulikuwa na kinasa sauti kisicho na kadi, na karatasi laini iliyokunjwa, na ndani ya karatasi, jino. Alilijaribu pengoni kwake. Likakaa.

Bibi alishangaa. Hata yeye hakujua lilivyong'oka. Wakamuuliza Mkurugenzi, ambaye sasa ndiye mama na anajua kila kitu kuhusu mtoto huyo, saa aliyozaliwa, mvua iliyonyesha, wimbo wa homa. Nani alimng'oa mtoto jino?

Alilitazama jino, uso mtupu.

"Sikumbuki," alisema. "Nitamuuliza Fundi."

Mtoto alifumba ngumi juu ya jino. Mpaka leo hajakubali mtu yeyote amfumbue ngumi hiyo, na akilala husikika akihesabu. Moja. Mbili. Akifika tatu, hucheka.