Mikia Mitatu

Kipanga aliikata kona bila kugusa breki.

Gari lake, Subaru kuukuu ya kijivu iliyofungwa injini isiyolingana na umri wake, liliserereka, likatafuta lami, likaipata. Muuza maji aliyekuwa akivuka na mkokoteni aliruka pembeni akaporomosha tusi zito. Alikuwa na haki yake.

"Mkuu, zuia ndege zisiruke," Kipanga alisema. Kinasa sauti kilikuwa ndani ya kifungo cha shati lake.

"Sababu?" Mkuu wa Idara ya ujasusi hakuwahi kutumia maneno mawili pale ambapo moja lilitosha.

"Kombora la begani. Liko kwenye ghorofa lisilokwisha, nyuma ya kiwanda cha matofali. Njia ya kupaa inapita juu yake."

"Nani amekwambia?"

"Picha."

"Picha, Kipanga?"

"Picha tatu, Mkuu. Nikitoka salama nitaeleza."

Alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Hakuwa akiogopa kombora. Aliogopa mtu ambaye yeye mwenyewe alijua atamkuta huko.

Idara ilikuwa na fununu kwamba genge la wauza silaha kutoka nje limejipatia macho karibu na uwanja wa ndege. Na hakuna watu wanaouzunguka uwanja wa ndege kama wale wanaopenda kupiga picha za ndege. Kwa hiyo Kipanga alinunuliwa kamera ya Nikon na lenzi ndefu kama mkono wa mtu mzima, akatumwa kwenye kilima cha majani kinachotazama njia ya kurukia. Alikaribishwa siku ile ile. Palikuwa na muuguzi, dereva wa teksi, mwalimu wa hesabu na mkewe, na wengine wengi. Kundi lao la WhatsApp waliliita Wapiga Ndege, na kila mgeni alitaniwa kwamba polisi wakiliona jina hilo wote watalala ndani.

Yeye walimwita Dada Lenzi.

Alikwenda kupeleleza, akanogewa. Muuguzi alituma picha ya Boeing ikigusa lami, moshi mweupe ukiruka kwenye matairi na ukuta wa mvua ukiwa nyuma yake, na simu zikawaka jioni nzima. "Hapo umeua, mama!" "Hii ya kutundika ukutani." Mwalimu wa hesabu akasema upeo wa macho umelala upande kidogo, mkewe akamjibu mbele ya kundi zima kwamba kilicholala ni shingo yake. Kipanga alicheka peke yake chumbani mpaka akashangaa sauti yake mwenyewe.

Aliyemfundisha kupiga picha alikuwa Fundi Saa, mzee mjane mwenye kibanda cha kutengeneza saa. Kipanga alimwita baba, naye alimwita mwanangu. Mzee huyo alizitambua ndege kama mama anavyowatambua mapacha wake. Hapo ndipo palipomuuma Kipanga sasa.

Kwa sababu Fundi Saa, mtu wa kusubiri mwanga uangukie usoni mwa ndege, alikuwa ametuma kwenye kundi picha tatu za mikia. Ndege zimepigwa kwa nyuma, zinapaa, jua likiwa mbele ya kamera. Watu walimtania sana.

"Fundi, siku hizi unapiga makalio?"

"Mwacheni, ni uzee huo."

Mzee alirudisha kicheko tu. Kipanga naye alicheka.

Leo mchana kilima kilijaa. Jenerali wa nchi jirani alikuwa anaondoka baada ya kutia saini mkataba wa kumaliza vita vya mpakani, na msafara wake ulikuwa na ndege mbili nyeupe, pacha, ili adui asijue yumo katika ipi. Mpenzi gani wa ndege angekosa? Fundi Saa alikosa.

"Kanitumia ujumbe kwamba ana mafua," alisema muuguzi.

Kipanga alifungua zile picha tena. Zote tatu zilikuwa na ncha ya nondo ile ile pembeni, kutoka paa lile lile la ghorofa lisilokwisha. Ndege zote zilikuwa zimenaswa pale zinapoanza kugeuka, injini zikiwa wazi.

Mpiga picha hana haja na mkia. Mwenye haja na mkia ni kitu kinachofuata joto la injini.

Na hapo akakumbuka siku ambayo mzee alimsimulia habari ya mwanawe, askari aliyekufa mpakani kwa mabomu ya ndege za jenerali huyo huyo. Hakulia siku ile. Alikuwa anafuta lenzi, akaifuta mpaka maneno yakaisha.

"Kipanga." Sauti ya Mkuu ilirudi ndani ya gari. "Watu wa mnara wa kuongozea ndege hawapokei amri yangu. Ni ndege za wageni wa taifa, wanataka neno la waziri."

"Na waziri?"

"Simu yake imezimwa. Ndege ya kwanza imeanza kusogea kuelekea njia ya kurukia."

"Jenerali yumo katika ipi?"

"Ya pili. Fika wewe."

Akifa huyo juu ya ardhi yetu, alijua Kipanga, mkataba utakuwa karatasi ya kufungia karanga, na kabla ya mwezi kwisha vijana watapandishwa malori kurudi mpakani. Wauza silaha hawakuhitaji zaidi ya hapo.

Aliiacha Subaru nyuma ya rundo la matofali.

Mlangoni mwa ghorofa alisimama mlinzi mwenye redio ya mkononi. Kipanga alimwendea akitabasamu, kalamu mkononi, kama karani wa manispaa.

"Kaka, mwenye jengo yupo?"

"Hakuna mt..."

Kalamu ililia *tik*. Sindano ikamwingia shingoni. Kipanga alimdaka kabla hajaanguka, akamlaza kwenye mchanga kama mtoto.

Alipanda ngazi bila viatu, bastola ya Walther mkononi, imevishwa kizuia sauti. Ngurumo ya ndege ya kwanza ilimkuta ghorofa ya mwisho. Vumbi lilidondoka kutoka kwenye zege.

Alichungulia.

Fundi Saa alikuwa amesimama ukingoni, darubini machoni, amevaa sweta lake la kahawia ambalo Kipanga mwenyewe alikuwa amelishonea kiwiko. Nyuma yake kidogo alikuwepo mtu wa mabega mapana, amevaa kizibao cha mpiga picha chenye mifuko mingi. Begani alibeba bomba la kijani. Mtu angemwona kwa mbali angedhani ni lenzi.

Nguzo ilimkinga mtu huyo. Kipanga angefyatua, angempata mzee.

"Hii?" aliuliza Kizibao.

"Siyo hii," alijibu Fundi Saa. "Chini ya mkia wa jenerali kuna kiraka cha rangi mpya. Hii haina."

Kweli. Hayo ndiyo ambayo genge lilikuwa limeyakodi. Macho.

Ndege ya kwanza ilipita, ikainama kushoto, ikapotea ndani ya mwanga. Kipanga alitambaa nyuma ya rundo la mifuko ya saruji. Hatua chache zaidi na nguzo isingekuwa kizuizi.

Ngurumo ya pili ikaanza.

Ndege ilitokea juu ya mabati ya kiwanda, nyeupe, kubwa, nzuri kupita kiasi. Jua lilikuwa nyuma yake, limeyeyuka na kusambaa angani. Kipanga mwenyewe aliukodolea macho ule mkia asione kiraka wala kisicho kiraka.

"Hii?"

Mzee aligeuza kichwa kidogo. Alimwona Kipanga? Miwani yake ilikuwa imejaa jua. Kipanga hakuweza kujua.

"Mzee! Hii?"

"Siyo."

"Siyo vipi? Zilikuwa mbili!"

"Nimesema siyo. Hii ni ya abiria wa kawaida. Ngoja inayofuata."

Bomba lilishuka.

Redio kiunoni mwa Kizibao ikakohoa sauti ya mwenzao aliye uwanjani. "Ndiyo hiyo! Mbona hupigi? Piga!"

Kizibao alipandisha bomba kwa hasira, akatoka nyuma ya nguzo kuifuata ndege. Kipanga alikuwa ameshapiga goti.

Risasi mbili.

Bega na goti. Bomba lilianguka kwenye zege, likabingirika, likatulia bila kulia. Kizibao alijaribu kuifikia bastola yake. Kipanga aliipiga teke ikaenda chini ghorofa zote. Huko juu ndege ilimaliza kugeuka, ikawa nukta, ikawa si kitu.

Kipanga alimfunga Kizibao pingu kwenye nondo. Kisha akachukua pingu ya pili, akamwendea mzee.

"Baba. Lete mikono."

Mzee alileta. Ile mikono iliyoweza kurudisha mahali pake kigurudumu cha saa, kidogo kama punje ya mchele.

"Kumbe ndiyo kazi yako hii, mwanangu."

"Ndiyo."

"Na kule kilimani?"

Kipanga alifunga pingu, taratibu, isimbane.

"Ulikosea ndege au ulimdanganya?"

Fundi Saa alitazama angani. "Usiniulize hilo. Asubuhi niliamka nikijua nitasema 'ndiyo'. Zaidi ya hapo, lolote nitakalokujibu litakuwa uongo."

Magari ya Idara yalifika na vumbi lao. Mkuu alipanda mwenyewe, akihema, akalitazama bomba, kisha mzee anayeshushwa ngazi na vijana wawili.

Kipanga alimweleza jinsi mzee alivyojibu 'siyo'. "Umefanya kazi," alisema Mkuu. "Sasa sikiliza. Mwendesha mashtaka atataka jambo moja tu, na shahidi ni wewe. Kama yule alikosea kwa sababu ya jua, atanyongwa pamoja na wenzake. Kama alisema uongo kuiokoa ndege, ni hadithi nyingine. Alikosea?"

Simu ya Kipanga ilitetemeka. Wapiga Ndege. Muuguzi alikuwa ametuma picha kutoka kilimani, ndege nyeupe juu ya mabati, mbawa zimeshika mwanga wote wa mchana. Chini yake mwalimu wa hesabu alikuwa ameandika: *Mwambieni Fundi apone haraka, hii asingeiacha.*

"Kipanga. Nimekuuliza."

"Fundi Saa hakosei ndege, Mkuu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Hakuwa nayo. Aliiweka bastola kiunoni, akaokota viatu vyake kwenye ngazi, akavivaa bila kuinama sana. Kisha akajitoa kwenye kundi la Wapiga Ndege, akazima simu, na kulifuata gari lake bila kugeuka nyuma.