Mrija wa Mzee Ikwap

Mzee Ikwap alikufa ameketi, mrija wa kunywea pombe mkononi, povu likimtoka puani. Wenzake waliokizunguka chungu cha pombe wakatupa mirija yao na kukimbilia migombani kujitapisha.

Inspekta Esabu alipofika, vijana walikuwa na viberiti mbele ya nyumba ya Asekenye, mpika pombe.

"Katuulia mzee! Achomwe!"

"Atakayewasha, leo analala mahabusu!" Esabu alifoka, akampandisha Asekenye kwenye gari la polisi. "Umetia nini humo, mama?"

"Wimbi, kimea na maji ya moto. Tena nilionja mwenyewe kwanza. Mbona niko hai?"

"Pipa lako la kupikia lilikuwa la nini zamani?"

"La mafuta ya kupikia. Hata waliomchimbia marehemu mume wangu kaburi walikunywa ya pipa hilo hilo, afande!"

Sampuli za pombe, machicha, maji na za tumbo la marehemu zikapelekwa maabara. Wiki iliyofuata majibu yakaja: chunguni hamna sumu. Tumboni mwa marehemu mna dawa ya kunyunyizia pamba.

Chungu kimoja, wanywaji tele, maiti moja. Esabu alijilaani. Yeye, Mteso wa kuzaliwa, aliyekulia kwenye pombe ya mirija, akabeba chungu akasahau mrija! Kila mwanamume ana mrija wake, na hamwazimi mwenzake hata wawe pacha.

Akarudi msibani na Asekenye garini. Waliomwona mama huyo wakaanza kuokota mawe.

"Mrija wa marehemu uko wapi?"

"Umechomekwa pale kwenye paa la nyasi," mzee mmoja alijibu. "Ni haki ya Okwii, mtoto wa kwanza. Kaukataa."

"Mtoto wa kwanza akatae mrija wa babake? Makubwa haya!"

Esabu akavaa glavu, akauchomoa, akamwendea Okwii aliyekuwa kando ya chungu cha matanga.

"Kaa mahali pa baba yako. Nyonya."

"Sina kiu."

"Mara moja tu. Ukipona, basi muuaji ni Asekenye, nami nawaachia hawa vijana wamalizane naye."

Okwii akarudi nyuma. Konstebo akamdaka.

"Nilipaka dawa ya pamba ndani ya mrija wake, upande wa mdomoni," Okwii alisema. "Sikutaka wengine wadhurike."

"Baba yako mzazi! Kwa nini?"

"Ng'ombe wa mahari ya dada yangu walikuwa wa kunioza mimi. Nilishamchumbia Amuge, kila mtu anajua. Baba akawaswaga ng'ombe wale wale hadi kwa kina Amuge, akajiolea yeye. Akamjengea nyumba mkabala na yangu. Kila asubuhi akipita na mtungi ilinibidi nimwamkie: 'Umeamkaje, mama?' Mama! Amuge wangu!"

Pingu zikafungwa. Esabu akawageukia wazee.

"Mlijua?"

Walijua. Pombe ya harusi ile waliinywa wote, na wimbo wakamwimbia bwana harusi.

Asekenye akashuka garini, akawatazama mmoja mmoja.

"Na mimi ndiye mliyetaka kumchoma," alisema.