Aliyemkata Malkia Radi

Kila siku akitoka shule, Sindano alikuwa na kazi yake inayomsubiri: kufagia nyuzi na vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake, kisha kupanga vifungo kwenye makopo, kila rangi na kopo lake. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa kiwanda. Mgeni akiketi humo bila kuangalia, pini ilimkaribisha mahali pasipotajika. Jina la Sindano alipewa na wenzake darasani. Wengine walisema ni kwa sababu ya kazi ya mama yake, wengine walisema ni kwa sababu ya ulimi wake. Yeye mwenyewe aliikubali sababu ya kwanza tu.

Mwaka huo wanafunzi wa darasa la sita walikuwa wamepagawa na kadi. Zilikuwa kadi za Kikosi cha Radi, katuni iliyoonyeshwa kwenye televisheni kila jioni, na kila kadi ilikuwa na picha ya shujaa mmoja. Aliyewatia wazimu huo alikuwa mwenye duka la vifaa vya shule, mtu ambaye watoto walimwita Miwani kwa kuwa miwani yake ilikaa juu ya paji la uso zaidi kuliko ilivyokaa machoni. Miwani aliwaambia hizo si picha za kuchezea, ni akiba. Atakayeitunza kadi adimu mpaka amalize shule, alisema, ataiuza kwa bei ya kuwashangaza wazazi wake. Basi kila Jumamosi mbele ya duka lake watoto walijaa wakibishana bei kama madalali. Mama yake Sindano aliposikia habari za akiba ya karatasi, alicheka mpaka pini alizobana kwa midomo zikadondoka.

Sindano alikuwa na rafiki wa chanda na pete, jirani wa nyumba ya pili, aliyeitwa Mapengo. Meno yalikwisha kuota zamani, lakini jina lilikataa kuondoka. Wawili hao walichanga pesa zao za vitafunio wakanunua pakiti moja ya kadi. Humo, katikati ya askari wa kawaida ambao kila mtoto alikuwa nao, akatokea Malkia Radi mwenyewe, kadi ya kung'aa ambayo darasani hakuna aliyewahi hata kuishika. Walirukaruka hadi wakasahau njia ya kurudi nyumbani. Wakakubaliana kwamba haitauzwa mpaka wafike sekondari, na kwamba kila mmoja atakaa nayo wiki moja, kisha ampe mwenzake.

Zamu ya Sindano ilipofika, aliona kwamba ukingo mmoja wa kadi umeanza kulika. Ulikuwa umefumka na kutoa vinyweleo, pengine kwa kuingizwa na kutolewa katikati ya kurasa za daftari. Sasa, mtoto wa fundi akiona ukingo umefumka hufanya nini? Hukata. Tangu azaliwe alikuwa akimwona mama yake akinyoosha kitambaa, akikipunguza kidogo pembeni, na nguo ikatoka nadhifu. Kwa hiyo akachukua rula ya chuma na kisu cha kukatia, akabana pumzi, akapitisha mara moja. Ukingo ukanyooka kama vile kadi imetoka kiwandani siku ile ile. Sindano akafurahi na kujipongeza. Hakumwambia Mapengo, maana aliona fundi hamwelezi mteja kila uzi alioukata.

Wiki iliyofuata kadi ilirudi kwa Mapengo. Jumamosi zikaenea habari kwamba Malkia Radi hatachapishwa tena, na wote wawili wakaenda dukani kwa Miwani kuuliza bei tu, siyo kuuza. Mapengo ndiye aliyeitoa kadi mfukoni. Miwani aliishusha miwani machoni, jambo ambalo hakulifanya kwa kila mtu. Akaigeuza kadi huku na huku. Halafu akachukua kadi ya askari wa kawaida, akaziweka pamoja, moja juu ya nyingine. Malkia Radi alikuwa mfupi. Upande mmoja ulionekana utepe mwembamba wa kadi ya chini, mwembamba lakini haukufichika.

Miwani alieleza kwa sauti ya kumfikia kila mtoto aliyekuwepo kwamba kadi iliyokatwa haina thamani hata ya bahasha, na kwamba wapo watu wanaokata kingo zilizochakaa ili wawauzie wenzao wakidai ni mpya. Kisha akauliza nani alikuwa anaitunza.

"Mimi," alisema Mapengo, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, wiki ile ilikuwa yake.

Sindano akafungua mdomo. Naam, aliufungua kabisa. Lakini watoto wote walikuwa wameshageuka kumtazama Mapengo, wengine wakianza kucheka, na mdomo ukajifunga wenyewe. Miwani hakuuliza la pili. Aliichukua ile kadi, akaibandika kwenye ubao wa matangazo pembeni mwa mlango, na chini yake akabandika karatasi aliyoiandika kwa kalamu nyekundu: "Jihadharini. Imekatwa. Imeletwa na Mapengo." Mtu mzima mwenye ndevu zake, akamwandika mtoto wa watu ukutani bila kumpa hata nafasi ya kujieleza!

Jumatatu shule nzima ilikuwa na habari. Mapengo akapewa jina jipya, Mkasi, na akipita watoto walikunja vidole viwili na kuvifungua kama makali ya mkasi. Hayo angeyavumilia. Lakini Mapengo ndiye aliyekuwa akitunza ufunguo wa kabati la vitabu la darasa, kazi aliyopewa kwa uaminifu wake na aliyoipenda kuliko michezo. Alifika mapema kuliko wote ili alifungue, na alijua kila kitabu kiko mkononi mwa nani. Siku hiyo mwalimu wa darasa akamwomba ufunguo. Alimwambia kwa upole kwamba hamhukumu, ila wazazi wameanza kuuliza, na ufunguo utakaa mezani kwake mpaka mambo yajulikane. Mapengo aliuweka mezani, akarudi kwenye kiti chake akainamia daftari.

Wakati wa mapumziko alimfuata Sindano. Hakumshuku hata kidogo, na hilo ndilo lililouma. Alimwomba aende kwa mwalimu akamtetee, amwambie kwamba anamjua tangu utotoni na hajawahi kumdanganya mtu. Sindano akajibu kwamba atakwenda. Mapumziko yakaisha, hakwenda. Kesho yake Mapengo akamuuliza tena, naye akasema mwalimu alikuwa na shughuli.

Nyumbani Sindano alikuwa amefura kama mandazi. Alifagia kwa kupiga ukuta na fagio, akachanganya vifungo vyekundu na vya kahawia. Mama yake alipomuuliza kulikoni, yote yakamtoka: Miwani ni dhalimu, Miwani amempaka Mapengo matope, Miwani kwanza awadanganye watoto kwamba karatasi ni akiba, halafu awaite wao wadanganyifu. Na ufunguo umechukuliwa! Alisema mpaka machozi yakamlengalenga, na kila neno lilikuwa la kweli. Neno moja tu hakulisema.

Mama yake alisimamisha cherehani. Mapengo alikuwa akila na kucheza katika nyumba ile tangu hajui kufunga kamba za viatu. "Vaa viatu," alisema. "Tunakwenda."

Sindano akaanza kutafuta visingizio: jua kali, kazi ya shule, duka pengine limefungwa. Mama hakusikia. Alipitia nyumba ya pili, akamshika Mapengo mkono, na wote watatu wakashika njia. Sindano alijikokota nyuma.

Dukani kulikuwa na watoto kadhaa na mama mmoja aliyekuja kununua madaftari. Fundi hakuzunguka mbuyu. Alimsalimu Miwani, akamwonyesha ubao, akamuuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kulitundika jina la mtoto mlangoni. Miwani akasema analinda wateja wake. Fundi akasema mteja halindwi kwa kumvunjia mtoto heshima, na kwamba huyu mtoto anamfahamu kama anavyofahamu kiganja chake, hawezi kukata kadi akamficha mtu.

"Nani basi aliyeikata, dada yangu?" aliuliza Miwani. "Kadi haijikati."

"Hilo silijui. Lakini walikuwa wawili, na wa pili ni binti yangu, huyu hapa. Muulize. Binti yangu hasemi uongo."

Watu wote dukani wakamgeukia Sindano. Mapengo naye akamtazama, uso umejaa matumaini, kwa kuwa sasa angalau kuna mtu wa kumtetea. Sindano alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kusema hajui. Neno lenyewe lilikuwa limeshamfika kwenye ncha ya ulimi. Lakini mama yake alikuwa amesimama mbele ya watu wote akimdhamini, bila wasiwasi wowote, na Sindano akashindwa.

"Ni mimi," alisema. "Niliikata mimi kwa kisu cha mama. Ilikuwa imefumka, nikadhani naitengeneza. Mapengo hakujua kitu."

Hakuna aliyecheka. Mama yake alimtazama, kisha akamgeukia Miwani. Kama Sindano alitegemea kwamba aibu hiyo itamnyamazisha mama, alikosea. Fundi alisema kwa sauti ile ile kwamba ya binti yake atayashughulikia nyumbani, hayo ni yake. Lakini ile karatasi imesema uongo tangu Jumamosi, na aliyeiandika yupo. Miwani alijikuna kidevu. Akaenda kwenye ubao, akaibandua karatasi, akaikunja. Fundi hakuondoka. Miwani akakohoa, akamwambia Mapengo, mbele ya watoto wote na yule mama wa madaftari, kwamba alikosea, na kwamba ilimpasa kuuliza kabla ya kuandika. Mapengo akaitikia kwa kichwa. Njia nzima ya kurudi hakumwangalia Sindano.

Asubuhi iliyofuata Sindano alisimama mbele ya darasa kwa hiari yake. Alieleza yote, pamoja na yale ya kuahidi kumtetea mwenzake na kutokwenda. Darasa likanong'ona, na wawili watatu wakamzomea. Mwalimu akachukua ufunguo, akamkabidhi Mapengo mbele ya wote, akamwomba radhi kwa kuupokea kabla ya kujua ukweli. Mapengo alikwenda kulifungua kabati palepale, ingawa muda wa vitabu ulikuwa bado.

Walipotoka, Sindano alimngoja langoni. Mapengo akasimama, akamuuliza swali moja tu.

"Mama yako asingetupeleka dukani, ungesema?"

Sindano alitaka kusema ndiyo. "Sijui," alijibu.

Mapengo alikaza mkoba wake begani, akaenda zake peke yake.

Sindano aliingia nyumbani akiwa amekasirika upya. Akamwambia mama yake kwamba amesema kila kitu, dukani na darasani, amezomewa, ameaibika mbele ya dunia nzima, na bado Mapengo amemnunia. Sasa anataka nini tena? Mama yake aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono, kisha akauondoa mguu kwenye cherehani na kumvuta mtoto wake karibu.

"Ulipoikata ile kadi hukujua," alisema. "Asiyejua husamehewa, hata mimi hilo sikukugombeza. Lakini kila siku uliyomwona mwenzako anachekwa ukanyamaza, ulikuwa unajua. Hapo ndipo ulipomkosea. Sasa ana haki ya kukasirika mpaka achoke mwenyewe, na wewe huna haki ya kumharakisha."

Sindano alichezea pindo la gauni la mteja lililokuwa mezani.

"Na asiponisamehe kabisa, mama?"

"Basi utakuwa umesema ukweli bila kulipwa chochote," alisema mama yake. "Na bado ilibidi useme."