Vioo vya Nesta

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Juni 2013, sanduku la joto lilikutwa wazi, betri yake bado inafanya kazi. Vioo vyote vinne vya maabara havikuwamo.

Inspekta Lusubilo aliinama ndani ya stoo ya wakala wa forodha mjini Tunduma. Kufuli la mlango halikuvunjwa.

"Mwizi gani huyu, afande?" alilalama Venance, mwenye stoo. "Betri mpya kaiacha, kabeba vioo! Hapa mpakani hata tairi ya akiba hailali peke yake."

"Vioo vina nini?"

Restuta, mtaalamu wa maabara aliyetoka Mbeya kuvipokea, alijibu taratibu. "Seli hai za mtoto, zimechapwa kwa mashine nje ya nchi, nukta mamia kwa mamia. Kila nukta tunaidondoshea dawa yake, tuone ipi inafaa. Mtoto mwenyewe alifariki. Mdogo wake, Shadrack, ana ugonjwa huohuo, na seli zake yeye zimekataa kuota maabara. Hizi zikipoa, hatuna kitu."

Kwenye bawaba ya sanduku Lusubilo alikuta uzi mweupe. Bafta, kitambaa cha sanda.

"Marehemu ni mtoto wa nani?"

"Nesta, binti wa Hezron wa Chapwa."

Venance alishika kichwa. "Hezron? Si mlinzi wangu huyo!"

Walimkuta makaburini Chapwa, kando ya udongo uliofukuliwa upya, jembe miguuni. Hakukimbia.

"Mmechelewa, afande. Nimeshamzika."

"Uliingiaje stoo?"

"Funguo ninazo mimi."

"Kwa nini vioo?"

Hezron alimtazama Restuta. "Huyu dada alituambia msibani, 'Nesta bado yuko hai kwenye kioo.' Alidhani ananifariji. Mwanangu kalia kwa sindano mpaka sauti ikakauka. Namzika, kumbe wengine wanaye, wanamtilia madawa. Kwetu mtu hazikwi vipande vipande."

"Vilikuwa vya kumponya Shadrack, baba!" alisema Restuta.

"Hata Nesta mliniambia atapona."

"Unakiri kuiba?" aliuliza Lusubilo.

"Nakiri kumzika mwanangu. Wewe andika unavyotaka."

Askari walifukua. Vioo vilikuwa vizima, vimeviringishwa kwenye bafta, vimeshapoa.

Katika zahanati ya jirani, Restuta alividondoshea rangi ya buluu ya kupimia uhai. Seli hai huikataa rangi hiyo, iliyokufa huinywa. Alikagua kwa hadubini kioo kimoja baada ya kingine. Nukta zote zilikuwa za buluu.

Hezron, pingu mikononi, aliomba avirudishe kaburini.

Saa saba na nusu mchana, Lusubilo alivifunga kwa lakiri kama vielelezo vya kesi.