Ningemfungulia

Pasi ilikuwa baridi. Shangazi aliigusa kwa kiganja kizima, akaigeuza, akaigusa tena, kisha akachomoa waya ukutani ingawa umeme wenyewe ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Lakini harufu ya kitambaa kinachoungua ilikuwa imejaa chumba chote cha kushonea, harufu ile ambayo fundi yeyote wa nguo akiisikia moyo humruka, maana anajua suti ya mtu imeshaharibika. Walikagua meza, wakakagua kapu la vipande, wakanusana hata wao wenyewe. Hakuna kilichoungua.

Shangazi alisema labda ni kwa jirani, akarudi kwenye cherehani yake. Hiyo ilikuwa Jumanne, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Walikuwa wanawake watatu chumbani humo. Shangazi ndiye aliyekuwa mwenye cherehani zote nne na mwenye neno la mwisho. Kifungo, mfupi wa mviringo, alishona vifungo na kupiga porojo, na hakuna aliyejua kwa hakika ipi kati ya kazi hizo mbili aliyokuwa akilipwa kwayo. Wa tatu alikuwa mtoto wa kaka yake Shangazi, mjane wa miaka thelathini na moja, waliyemwita Redio. Jina hilo alilipata kutokana na utaratibu wao. Kila siku baada ya chakula cha mchana Redio aliacha kushona akawasomea wenzake riwaya kwa sauti, saa nzima, nao wakaigawana kazi yake.

Riwaya zenyewe zilikuwa za falme zisizokuwapo, za malkia wenye mabawa na mapanga yanayozungumza. Shangazi alisema ni upuuzi mtupu, lakini siku Redio alipokaukiwa na sauti, yeye ndiye aliyetoka mbio kumtafutia dawa ya koo.

Kitabu cha safari hii kilikuwa kinene, hakina jalada, kimeokotwa kwenye rundo la vitabu chakavu vinavyouzwa kando ya barabara. Kilisimulia habari za binti wa mwashi aliyependwa na wanaume wawili. Mmoja alikuwa askari mpole. Wa pili alikuwa Bwana wa Majivu, mtawala wa nchi iliyoungua, mrefu, mwenye sauti ya chini na wivu usiopimika. Redio alimpenda huyo wa pili kupita kiasi. Askari akizungumza, Redio alisoma harakaharaka kama anayesoma risiti. Bwana wa Majivu akiingia, sauti yake ilishuka ikawa nzito na ya taratibu, na Kifungo akaiacha sindano hewani. Kulikuwa na mstari mmoja ambao Redio aliupigia alama kwa chaki ya kukatia nguo, akausoma mara tatu: "Mkono utakaokugusa, nitauchoma."

"Hayo ndiyo mapenzi," akasema.

Shangazi alimwambia hayo ni mambo ya kupeleka polisi. Askari, kwa maoni yake, alijua kuteka maji na alijua kunyamaza, na mwanamume anayejua mambo hayo mawili haokotwi barabarani. Walibishana mpaka mteja akaondoka na suruali isiyotiwa zipu.

Kisha Jumatatu wakafika sura ya mwisho. Bwana wa Majivu alisimama mlangoni kwa binti yule siku arobaini akibisha hodi, na binti, aliyekuwa ndani na askari wake, hakufungua. Hadithi iliishia hapo. Redio alilia machozi ya kweli. Mumewe alikuwa amefariki miaka sita iliyopita, na tangu siku hiyo hakuna aliyebisha mlangoni kwake kwa sababu ya kumtaka yeye. Akakifunga kitabu kwa kishindo.

"Mimi ningemfungulia," alisema. "Angekuja kwangu ningemfungulia, na ningekuwa wake. Nimesema."

"Tumesikia," Kifungo akajibu huku akicheka. "Mimi na shangazi yako ni mashahidi."

Kesho yake ndiyo harufu ilipoanza. Na Jumatano, mchana kweupe, mlango wa nyuma ukabishwa.

Mlango huo ulitokea kwenye kiua chembamba chenye ukuta, na mtu mmoja tu ndiye aliyezoea kuutumia: yule fundi wa kutengeneza cherehani, ambaye aliegemeza baiskeli yake huko nyuma. Redio alikwenda kufungua, tena kwa hatua za haraka kuliko alivyokusudia. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na joto tu, lililompiga usoni kama la tanuri lililofunguliwa, na siku yenyewe ilikuwa ya mawingu.

Huyo Fundi tumweleze kidogo. Alikuwa mwanamume wa makamo, mzito wa maneno, ambaye hakusema neno kabla ya kukohoa. Kila cherehani aliiita "mama" na kuijulia hali. Mkate wake aliula amesimama. Alifanya kazi kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo kila alipokuja Kifungo alilazimika kuhamisha kigoda chake ampishe akae upande ambao watu wengine hawaukai. Miezi minane mfululizo alikuwa akija kutengeneza cherehani ya Redio, na cherehani hiyo ilikuwa nzima kabisa. Redio aliliona hilo ila alijifanya haoni. Mtu ambaye kichwani mwake kuna mtawala wa nchi iliyoungua, atamsikilizaje mwanamume anayenukia mafuta ya mashine?

Alhamisi Fundi alikuja akamletea kigurudumu kipya cha uzi wa chini. Akakohoa. Akamwuliza kama Jumapili atakuwa na nafasi, maana yeye na kaka yake wangependa kufika kwao kuzungumza na wazee. Wakati akimpa kile kigurudumu, mkono wake wa kulia uligusa wa Redio ukakaa hapo, na Redio akashangaa kuona kwamba hataki uondoke. Akafurahi. Alikuwa bado anaifurahia furaha hiyo Fundi alipopiga kelele. Kiganja chake kilikuwa kimevimba malengelenge, yamejipanga kwa umbo la ncha ya pasi. Pasi ilikuwa juu ya rafu, hatua saba kutoka walipokuwa, imeviringishiwa waya wake.

Walimpeleka zahanati, akafungwa bendeji hadi kwenye kifundo cha mkono. Redio aliporudi alikifungua kitabu mahali alipopapigia alama. Chaki haikuwapo. Pale ilipokuwa, karatasi ilikuwa imeungua rangi ya kahawia, mstari ulionyooka vizuri chini ya maneno yale.

Ijumaa alikuja kazini ameazimia kukichana. Alikaa mahali pake chini ya dirisha, akakifungua kitabu mwishoni, na badala ya kuchana akaanza kusoma. Wenzake walifikiri anawasomea kipande walichokiruka. Alisoma kwa sauti ile ya chini, ya taratibu, kwamba mwanamke akakaa chini ya dirisha lenye ufa, na mwenye cherehani nne yuko kushotoni kwake, na mfupi wa vifungo yuko mbele yake na uzi mwekundu mdomoni, na yeye aliyeahidiwa amesimama nyuma ya mlango akiwasikiliza wanavyopumua, na hana haraka, kwa sababu amengoja siku arobaini katika kitabu na anaweza kungoja zaidi, ila yule mwenye bendeji asifike kwa wazee Jumapili, maana safari ya kwanza ameanza na kiganja na safari ya pili atamaliza na moyo.

Kifungo alikuwa ameinuka. Alitoa uzi mwekundu mdomoni, akachungulia begani kwa Redio.

"Redio," alinong'ona. "Ukurasa huo hauna kitu. Ni mweupe. Unasoma nini?"

Redio alitazama. Ulikuwa mweupe kweli, na midomo yake ilikuwa bado inacheza.

Shangazi hakungoja kufunga duka. Alimkokota hadi kwa muuza dawa za miti wa mtaa wa pili, mzee mwenye mafua ya kudumu ambaye watu walimwendea kwa kikohozi, na kwa mambo haya mengine walimwendea kwa mlango wa pembeni. Mzee alisikiliza huku akijifuta pua. Alisema majini hawajui utani. Jini akisikia mwanamke anasema atafungua na atakuwa wake, na wawili wanasema ni mashahidi, kwake hiyo ni ndoa iliyokwisha kufungwa, na amevaa sura ya yule wa kitabuni kwa kuwa ndiyo aliyoona inapendwa.

"Mlimwita kwa mdomo, mtamtoa kwa mdomo," alisema. "Soma pale binti anapokataa kufungua, mbele ya hao hao wawili. Kisha useme unamchagua nani na kwa nini. Usidanganye. Halafu mlango anaobisha usifunguliwe siku saba, hata akija na sauti ya mama yako mzazi."

Kwa hiyo Jumamosi mchana walifunga mlango wa mbele kwa kufuli, wakashusha mapazia, wakasukuma meza ya kukatia hadi kwenye mlango wa nyuma. Redio alisoma. Harufu ilikuwa nzito kiasi cha kuwasha koo. Alipomaliza, alikiweka kitabu chini akazungumza akiwa ameutazama mlango.

"Nilikupenda kitabuni," alisema. "Humu ndani nakuogopa. Namchagua Fundi. Hajui maneno matamu, hukohoa kabla ya kusema. Hula mkate amesimama kama mtu anayewahi gari. Huzijulia hali cherehani, kila moja, na huziita mama. Amekuja miezi minane bila kunidai kitu. Yeye ndiye ninayemtaka."

Mlango wa nyuma ukabishwa, taratibu, mara mbili.

Halafu wakasikia kikohozi.

Kilikuwa kikohozi chake hasa. "Ni mimi," ilisema sauti ya Fundi. "Nimeona mmefunga, nikasema niwaangalie." Redio alikuwa ameshanyanyuka, na Shangazi akamshika mdomo kwa mkono wake akamvuta chini, akamnong'oneza sikioni kwamba mzee aliwaambia atakuja na sauti, aliwaambia. Mlango ukabishwa tena, kwa nguvu sasa, na sauti ikasema wafungue tafadhali, kisha ikasema kuna mtu huku uani, kisha ikaanza kugonga kwa ngumi mfululizo bila kupumzika huku ikiita majina yao moja moja, la Shangazi, la Kifungo, na mwisho la Redio, jina lake halisi ambalo hakuna aliyelitumia tangu afiwe, na meza ikawa inatetemeka na mikasi iliyokuwa juu yake ikalia kama meno, na wanawake watatu wakakumbatiana sakafuni wamefumba macho, kila mmoja akimwambia mwenzake usifungue, usifungue, mpaka kugonga kukakatika ghafla na kitu kizito kikateleza kwenye mbao, polepole, hadi chini.

Harufu ikaondoka kama iliyofagiliwa.

Haikupita nusu saa, mlango wa mbele ukabishwa. Kifungo alichungulia pembeni ya pazia, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Alikuwa Fundi, na bendeji yake, na mkate kwapani. Redio mwenyewe ndiye aliyekimbia kumfungulia. Fundi alikohoa, akaingia, akazijulia hali cherehani, kila moja, akiziita mama. Hawakuwahi kuona mtu akipokewa kwa machozi mengi kiasi kile. Jumapili alifika kwa wazee. Alikuja peke yake, akasema kaka yake amesafiri, na baba yake Redio akamkubali kabla ya chai kupoa.

Siku ya saba ilikuwa Jumamosi, na Fundi alikuja kuangalia cherehani ya Shangazi iliyokuwa inakata uzi. Bendeji alikuwa ameitoa. Kifungo alimsifia jinsi kiganja kilivyopona, hakina hata kovu, akainuka kuhamisha kigoda chake ampishe.

"Kaa tu," Fundi alisema. Akakaa upande wa kawaida, anaokaa kila mtu. Akachukua bisibisi kwa mkono wa kulia.

Redio aliacha kushona. Alingoja auhamishe mkono. Alimtazama akifungua skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa ulaini, kwa mkono wa kulia, na akayapitia kichwani maneno yote aliyoyasema Jumamosi iliyopita mbele ya ule mlango. Kikohozi alikitaja. Mkate alioutia mdomoni akiwa amesimama aliutaja. Mashine na mama aliyataja. Mkono wa kushoto hakuutaja, kwa kuwa alikuwa ameuzoea mno.

Aliinuka. Alisogeza meza ya kukatia, akavuta komeo la mlango wa nyuma, akafungua. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta, matairi yake yameyeyuka yakagandamana na sakafu. Kwenye kizingiti kulikuwa na bendeji. Na upande wa nje wa mlango, ukianzia usawa wa kichwa cha mtu na kushuka hadi chini kabisa, kulikuwa na mburuzo wa masizi wa vidole vitano, na ulipoishia palikuwa na kiganja kizima kilichochorwa vizuri. Kilikuwa cha mkono wa kushoto.

Nyuma yake alisikia kikohozi. Baada ya kikohozi ikaja sauti ya chini, nzito, ya taratibu, ambayo aliijua vizuri, kwa sababu ni yeye mwenyewe aliyekuwa akiitoa kila mchana alipowasomea wenzake.

"Funga mlango," ilisema. "Hakuna tena wa kumfungulia."