Supu ya Boga Mlangoni kwa Wisler

"Usiniletee supu mwaka huu, Dada Islande."

"Kwa nini, Kaka Wisler?"

"Basi tu. Usije."

Simu ikakatika. Nilibaki jikoni na mwiko mkononi, boga linatokota, na sikusikia kitu. Si hasira, si uchungu. Tangu serikali ya Marekani itangaze kwamba vibali vya kuishi vya watu wetu haviongezwi tena, moyo wangu ulikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi.

Kwetu Haiti, mwaka mpya bila supu ya boga si mwaka. Enzi za utumwa mabwana waliwanyima babu zetu supu hiyo, na siku ya uhuru, Januari mosi, wakainywa wote. Mpaka leo, hata hapa Ohio kwenye theluji, unampelekea yule unayemhesabu kuwa wako. Kumwambia mtu asilete ni kumwambia asikujue.

Wisler tunasali naye kanisa moja. Mimi nina uraia, nilikuja zamani na marehemu mume wangu, Prévil. Yeye ana kibali tu, na kinaisha Februari. Kabla ya tangazo alikuwa akinisindikiza nyumbani kila Jumapili, akasema atamleta mjomba wake azungumze na mchungaji kuhusu posa. Baada ya tangazo, kimya. Akahamia benchi la nyuma.

Gerda, mwenzangu wa kwaya na raia kama mimi, aliingia bila kubisha hodi.

"Bado unamchemshia?"

"Namchemshia."

"Dada yangu, amka! Sasa hivi atakuja mbio na pete. Yule haoi mwanamke, anaoa pasipoti."

"Mbona hajaja?"

"Eh?"

"Wenzake wanatafuta wachumba mpaka kwa vikongwe. Yeye ananijua, anajua nitakubali. Mbona amenikimbia?"

Gerda akavuta kiti, akaketi.

"Na hao wanaotufukuza, wewe uliwapigia kura," nikamwambia taratibu.

"Nilipigia kura Biblia, Islande. Walisema wataondoa wahalifu."

"Najua. Hebu onja chumvi."

Akaonja. Machozi yakamtoka.

"Imekolea," akasema.

Nikaenda chumbani. Kwetu mjane huvaa nyeusi mpaka msiba uishe. Wangu uliisha zamani, lakini niliendelea kuivaa, maana ilinikinga na maswali ya wanaume. Nikapiga magoti, nikamshukuru Mungu kwa maisha ya Prévil. Nikavaa gauni la njano, nikabeba sufuria.

Mapazia ya Wisler yalikuwa yamefungwa mchana kweupe. Nikamwandikia: "Niko mlangoni. Fungua."

Akajibu: "Umefuatwa?"

"Na paka."

Mlango ukafunguka kidogo. Akatazama gauni.

"Umevua nyeusi."

"Shika sufuria, inaniunguza."

Akaipokea, akafunga mlango haraka.

"Nilikwambia usije. Watu wa uhamiaji wakikukuta hapa..."

"Mimi ni raia."

"Siku hizi wanauliza hilo kwanza?"

Nikafunua sufuria.

"Wisler, nakuuliza mbele za Mungu. Ulikuwa unataka kunioa?"

"Ndiyo."

"Na sasa hutaki?"

"Nikikuoa sasa, utalala kando yangu ukijiuliza nimependa nini. Na Gerda atakusaidia kujiuliza."

"Ningejiuliza kama ungekuja mbio. Wewe umekimbilia benchi la nyuma."

Akainamia supu, mvuke ukamfunika uso.

"Mwanasheria anasema hata ndoa haina uhakika. Wanaweza kunirudisha tu."

"Wakikurudisha, nitakuwa mke wa mtu aliyerudishwa. Hilo naliweza. Kumlilia mwanamume ambaye hata hakuniuliza, siwezi."

Akainua uso.

"Dada Islande..."

"Hilo la dada liondoe."

"Islande. Utakubali nikuoe?"

"Kula kwanza."

Nikampakulia, akala. Alipomaliza bakuli nikamwambia ndiyo.

Tulioana kabla Januari haijaisha, kanisani, mapazia yameshushwa. Mchungaji alituomba tuimbe kwa sauti ya chini. Gerda hakuwepo kwenye kwaya. Nikachungulia kwenye upenyo wa pazia, nikamwona nje kwenye theluji, koti amelifunga mpaka kidevuni, akitazama barabara upande huu na upande ule kuona kama kuna gari la uhamiaji linakuja.

Nikamtumia ujumbe: "Ingia, utaganda."

Akajibu: "Apa kwanza. Mimi nipo mlangoni."

Nikaapa. Wisler akaapa. Nilingoja furaha ije, haikuja. Akanishika mkono, naye ameganda kwa baridi na woga. Tukasimama hivyo mpaka wimbo ukaisha. Ndipo nikasikia kitu kinanichomachoma kifuani, taratibu, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuamka.