Njiti za Chumba cha Mama

Jirani yetu Mwalimu alikuwa na shahada mbili na subira nusu. Ukimpelekea habari za mizimu, alikuuliza kwanza kama umekula. Siku ile, saa nane mchana, jua la kupasua kichwa, hakuwa na hofu yoyote. Alikuwa na paa lililooza, mvua zilizokaribia, na mama aliyelala mwaka wa tatu, asiyeweza hata kujigeuza matone yanapomwangukia.

Shemeji yake, fundi bati, alipanda na kopo la lami. Kazi yenyewe waliizoea. Nyumba haina dari, basi Mwalimu anafunga madirisha, giza linaingia, na kila tundu la kutu linajitaja. Anapanda juu ya meza, anapenyeza njiti ya ufagio. Shemeji anaiona huko juu, anaichomoa, anapaka lami.

"Shemeji, hili si paa, ni chujio la chai!"

"Ziba! Sijui dada yangu aliolewa na fundi au na mdomo."

Vyumba vikaisha kimoja kimoja, kikabaki cha mama. Mwalimu aliposhika dirisha, mama alinong'ona.

"Usifunge, mwanangu. Wa juu hapendi mwangaza. Mchana dirisha, usiku taa, ndiyo maana hajawahi kushuka."

"Wa juu ni mkweo, mama."

"Si huyo."

Mwalimu akaguna. Uzee huo, alijisemea. Akafunga.

Akapenyeza njiti sita, zikamwishia. Akarudishia mlango, akatoka uani kuchomoa nyingine kwenye ufagio.

"Polepole basi, shemeji!" fundi alilalamika, akiwa ameinamia bati. "Unazitoa kwa fujo, mimi nina mikono miwili tu!"

"Nazitoa wapi?"

Fundi akageuka. Akamwona Mwalimu chini, uani, katikati ya jua. Akatazama tena bati. Hakutania tena.

"Nani yuko ndani?" alinong'ona.

"Mama."

Njiti ziliendelea kutoka. Moja, nyingine, nyingine. Ufagio wa nyumba ile ulikuwa mmoja tu, na alikuwa ameushika Mwalimu.

Alikimbia. Mlango wa mama haukuwa na komeo wala kufuli. Haukufunguka. Alisukuma kwa bega. Akapiga teke.

"Mama!"

"Mwanangu."

Sauti ilikuwa ya mama. Haikutoka kitandani. Ilitoka juu, juu kabisa, karibu na bati.

"Nishushe."

"Ng'oa!" Mwalimu alipiga kelele. "Shemeji, ng'oa bati!"

Fundi aling'oa. Misumari ilikatika vichwa, yote. Bati halikuinuka. Kitu fulani, upande wa ndani, kilikuwa kimelishikilia.

"Nishushe, mwanangu."

Alisukuma. Alilia. Alisukuma. Mlango uleule aliokuwa akiufungua kwa kiwiko kila asubuhi, sinia la uji mikononi.

"Nishu..."

Kishindo. Godoro lililia. Kisha kimya. Mlango ukafunguka wenyewe, taratibu.

Mama alikuwa kitandani, shuka limenyooshwa hadi kidevuni. Hakuwa akipumua. Miguu ilichungulia nje ya shuka, na nyayo zake, ambazo hazikugusa sakafu miaka mitatu, zilikuwa nyekundu kwa kutu.

Mwalimu akafungua dirisha. Hakutaka kuangalia juu. Akaangalia.

Ukutani na kwenye bati, upande wa ndani, palikuwa na alama za miguu. Ndogo, za mama, zikipanda ukutani, kisha zikitembea kichwa chini miguu juu, hadi juu ya kitanda. Hapo zilikoma. Kando ya hizo kulikuwa na jozi nyingine, ndefu, nyembamba.

Hizo hazikukoma. Zilivuka juu ya ukuta, kuelekea chumba cha Mwalimu, ambako dirisha lilikuwa bado limefungwa. Na huko, gizani, ilisikika kutu ikipukutika juu ya shuka, chembe baada ya chembe.